Kujaribu Breki

Waliileta Jumatatu juu ya lori la kabichi,
imefungwa kamba za katani
kama ng'ombe aliyevunjika mguu.
Usukani umepinda kushoto. Taa haipo.
Katika mapezi ya injini, majani ya kahawa,
mabichi bado.

Chelimo alisimama mlangoni mwa gereji.
"Itengeneze. Nimepata mnunuzi wa Sironko."
Hakuiangalia. Alitazama spana zangu ukutani,
akazihesabu, nadhani, maana midomo ilikuwa ikicheza.

Mimi fundi. Sikuuliza.
Kapchorwa nzima inajua:
Jumapili alfajiri, polisi hawajanywa chai,
vijana huteremka kutoka hapa hadi Muyembe
injini zimezimwa.
Mteremko ndio mafuta, uzito ndio gia,
na wa mwisho kufika hununua mbuzi.

Ukizima injini, unaanza kusikia.
Upepo unapasuka masikioni kama khanga mpya,
matairi yanang'ata lami na kuitema,
na maporomoko ya Sipi yanakupigia makofi,
au yanakuonya.
Kwa mwendo ule, nani atatofautisha?

Najua. Niliteremka miaka saba
mpaka goti hili likabaki kwenye jiwe moja
hatua chache juu ya soko.

Nikanyoosha usukani. Nikabadili mnyororo.
Siku ya tano nikafungua gurudumu la nyuma:
pedi za breki zimeliwa hadi chuma.
Nilimwambia Mangusho. Wiki tatu kabla.
Alicheka: "Breki ni za wenye haraka ya kusimama."
Nilimwambia.
Nadhani nilimwambia.
Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, wateja foleni,
mkono mmoja spana, mkono mmoja sambusa,
na huenda cheko lile ni la siku nyingine,
kuhusu jambo jingine.

Pikipiki haitoki kwangu sijaipanda.
Basi nikaipanda.
Polepole, injini inanguruma, mzee mwenye adabu,
nikawapita wauza vitunguu, nikawaamkia,
nikaipita shule, nikalipita kanisa la mabati.
Kisha kidole changu, bila ruhusa yangu,
kikazungusha ufunguo.

Kimya.
Kisha si kimya.
Tambarare ya Teso imelala huko chini
kama mkeka ambao mtu amesahau kuukunja,
nami naangukia kwake, naangukia, sianguki,
kona ya kwanza, bega likalala,
kona ya pili, tumbo likabaki nyuma,
jacketi limejaa hewa, nina nundu, nina mabawa,
nina miaka ishirini na magoti mawili,
na sina deni, sina kodi, sina jina,
na ile kona ikatokea.

Chuma cha kingo kimepinda kuelekea bondeni.
Mkahawa mmoja hauna matawi upande wa barabara.

Nikakanyaga.

Zikashika.
Mpira ukalia, mkia ukayumba, ukarudi,
nikasimama shubiri moja kutoka kwenye changarawe,
mguu mzima chini, mguu mbovu unatetemeka,
na, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka,
nacheka kama mtoto aliyekojoa kitandani
ndani ya ndoto nzuri.

Nilipanda kurudi kwa gia ya pili.
Chelimo alikuwa anangoja, pesa ndani ya kitambaa.
"Inakwenda?"
"Inasimama," nikamjibu.

Ndipo aliponitazama usoni, mara ya kwanza.
Machozi ya msiba hushuka mashavuni.
Ya upepo hukimbilia nyuma, kuelekea masikio,
yakaacha mstari mweupe wa chumvi na vumbi.
Mke wa mwendeshaji huusoma mstari huo
kila Jumapili, kwa miaka sita.

Hakusema kitu kuhusu pikipiki.
Akahesabu noti, akaziweka juu ya meza ya grisi,
akaninyooshea kidole, karibu na sikio.

"Jifute," akasema.